Buluu ya Haraka

"Wapendwa wanasayansi, siku hii itakumbukwa na vizazi vyote!" Kisilu alitangaza, mkono kifuani.

Vizazi vyote, pale gereji ya Ruiru, vilikuwa watu watatu: Viola, mwanafunzi mwenzake na mwenyekiti wa chama cha sayansi shuleni; Mwalimu Odongo, mwenye gari; na fundi Chege, aliyekuwa akitafuna muwa.

"Funga mdomo, shika karatasi," Viola akasema.

Mradi ulikuwa wake. Kichungi cha ekzosi, bomba la moshi wa gari, kile chenye vitundu kama sega la nyuki, hupunguza sumu zinazopimwa kisheria, lakini chenyewe huzaa amonia, ambayo wapimaji wa magari hawana habari nayo. Karatasi nyekundu ya litmasi ikiwa na maji, amonia huigeuza buluu. Ikigeuka, Jumamosi wangeenda mashindano ya Thika. Isipogeuka, wangebaki bwenini na githeri ya mahindi na maharagwe, na Kisilu alikuwa ameshakula githeri ya kumtosha hadi uzeeni.

Mwalimu akawasha gari. Kisilu akachuchumaa nyuma, akailowesha karatasi kwa maji ya chupa yake, taratibu kama kasisi anayebatiza mtoto. Akaiweka kwenye moshi, akaiinua juu. Buluu tupu!

"Amonia!" Viola akaruka. "Mwalimu, umeona?"

"Thika hiyo!" Mwalimu akapiga honi.

Chege hakushangilia. Aliingia chini ya gari, akagonga bomba mara mbili, akatoka akijipangusa.

"Haiya! Mwalimu, kwani uliyenunua kwake hakukwambia? Hii gari haina kichungi. Kilikatwa kitambo, kukawekwa bomba tupu. Sasa hiyo amonia imezaliwa na nani?"

Honi ikanyamaza. Viola akamtazama Kisilu, kisha chupa. Akachukua karatasi mpya, akasogea mbali kabisa na moshi, akaitumbukiza kwenye yale maji.

Buluu.

"Gari yangu ina kichungi kizima," Chege akasema, akicheka hadi muwa ukamdondoka. "Pimeni hiyo. Na maji mchote kwa mfereji wangu!"

"Tutapima," Viola akasema. "Lakini kwanza huyu mheshimiwa ahutubie vizazi."

Safari hii Kisilu hakuweka mkono kifuani.

"Nilitia magadi kwenye maji, nayo hugeuza karatasi buluu," akasema. "Nimechota jikoni, yale ya kuchemshia githeri. Niliogopa karatasi ikatae, Viola. Nilitaka tu kufika Thika nikale chipsi."