Kulabu ya Kilo Sabini na Tano

Tjeerd Wiarda alikuwa ameahidi, na ahadi ni deni. Kiangazi kilichopita mkewe, Hiltje, aliendesha baiskeli siku tisa peke yake kwa sababu mumewe alibaki nyumbani kumsubiri fundi wa paneli za jua. Aliporudi hakugomba. Alisema tu, "Mwaka huu usipoendesha kando yangu, mzee, sitakuomba tena." Miaka arobaini na mmoja ya ndoa ilikuwa imemfundisha Tjeerd kwamba Hiltje akifoka kuna nafuu, akisema taratibu mambo yameharibika. Aliogopa kwelikweli.

Mtu mwingine angetoa baiskeli bandani wakaondoka. Tjeerd aliagiza kulabu.

Gari lake la umeme halikuundwa kuvuta kitu. Nynke, fundi wa karakana pale mjini Coevorden, alishinda siku nzima akifungua bampa, akipitisha nyaya za taa na kukaza kulabu nyuma ya gari.

"Sikiliza, mzee wangu," alisema akijifuta mikono. "Hii ni ya kubebea baiskeli tu. Ukivuta hata kitoroli cha majani, mimi na wewe hatujuani. Na mzigo usizidi kilo sabini na tano."

"Sabini na tano kamili?"

"Zikiwa sabini na sita sitakushtaki. Ila wewe, nakuona, hutalala."

Na kweli hakulala vizuri. Alipanda mizani ya bafuni akiwa amekumbatia baiskeli, akapanda tena bila baiskeli, akapiga hesabu. Baiskeli zenyewe zilikuwa za umeme, nzito kama ndama. Akachomoa betri zote mbili, akafungua kikapu cha Hiltje, pampu, stendi, hata kengele. Pamoja na kichanja cha kuzibebea zikawa kilo sabini na nne na nusu. Alifunga nyuma ya kichanja kibao cheupe chenye namba ya gari, maana kile cha njano kilifichwa na magurudumu, kisha akamwita mkewe aje aone.

"Baiskeli yangu imebaki mifupa," alisema Hiltje. "Kengele ina uzito gani?"

"Gramu sabini."

"Basi acha keki moja leo, urudishe kengele yangu."

Waliondoka asubuhi kuelekea kambi ya pwani, ambako wangeanzia safari yao ya baiskeli. Tjeerd alikuwa amelichaji gari asilimia themanini tu, kwa sababu kitabu kilisema betri hupenda hivyo. Kitabu hakikusema lolote kuhusu upepo wa mbele na baiskeli mbili mgongoni. Walipofika kijiji cha chini ya tuta la kuzuia bahari zilibaki asilimia tisa, ikabidi waingie kwenye kituo chenye mashine ya kuchajia.

Hapo ndipo mtu aliyepima kila kitu alipogundua asichopima. Tundu la kuchajia lilikuwa nyuma. Akiingia kwa mbele, waya haufiki. Akirudi nyuma, baiskeli zinaigonga mashine. Nyuma yake magari mawili yalikuwa yakingoja zamu, na madereva wake walitazama kwa adabu ile inayouma kuliko kicheko. Ikabidi baiskeli zishushwe.

"Kwa hiyo gari limebeba baiskeli," alisema Hiltje, "na sasa baiskeli zinashuka ili gari linywe."

"Dakika hamsini tu, mke wangu."

"Kambini kumebaki kilomita ngapi?"

"Ishirini na sita."

Hiltje alichukua betri yake garini, akaipachika. "Chukua na yako, twende. Njia si hii hapa chini ya tuta?"

Tjeerd alitaka kwenda. Alitaka sana, hata mkono wake ukashika usukani wa baiskeli.

"Gari likijaa likaachwa hapa wanatoza faini kila dakika," alisema. "Na hawa wanaongoja je?"

Hiltje hakugomba. Alipanda, akaenda.

Gari lilipojaa, Tjeerd aliifunga kwenye kichanja baiskeli yake iliyobaki, akaondoka mbio. Alimkuta mkewe karibu na kambi, kwenye njia ya baiskeli inayopita ubavuni mwa barabara kuu. Kusimama hapo hakuruhusiwi, na lori lilikuwa limelikaribia gari lake kwa nyuma. Tjeerd akapiga honi. Hiltje aliinua mkono bila kugeuka, kama mtu anavyomsalimu dereva yeyote. Kwa sekunde tatu hivi waliendesha kando kwa kando. Kisha Tjeerd akampita.