Ndoto ya Mfuniko

Shangazi yangu alikuwa na imani kubwa na mashine yake ya kutotolesha vifaranga, ndiyo maana aliifungua mara tano kwa siku ili aiombee. Aliinua mfuniko, akaweka mikono juu ya mayai sitini, akafumba macho, akaomba bila haraka.

Mume wake, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kubadilisha plagi, aliamini kijitabu cha maelekezo. Kiliandikwa kwa lugha asiyoijua, kwa hiyo hakikuwahi kumpinga.

Mimi nilishika ufagio wangu pembeni, nikatazama kipimajoto. Mfuniko ukiinuka, kinashuka. Shangazi akifika kwenye amina, kipo chini kabisa, na kupanda tena ni saa nzima.

Siku ya ishirini na moja hakulia hata kifaranga mmoja.

"Humu ndani kuna mtu ana husuda," Shangazi akasema, akinitazama mimi.

"Shangazi, ni baridi. Tukifungua, joto linatoka lote."

"Haya, profesa wa darasa la saba."

"Na kijitabu hakisemi hivyo," Injinia akadakia.

Tukapanga mayai mengine sitini. Shangazi akatangaza kabisa: yakiharibika na haya, mashine inauzwa, na mimi niliyeletwa kuihudumia narudi kwa mama wa kambo. Huyo mama tumwache alivyo.

Asubuhi yake, kabla hajaweka mikono, nikamwambia nimeota. Mzee mwenye kanzu nyeupe kasema mfuniko usiguswe mpaka vifaranga walie wenyewe.

"Nyeupe kabisa?"

"Kama maziwa, Shangazi."

Akaufunga mfuniko kwa kamba, mafundo manne. Injinia akapekua kijitabu chake, akasema hata humu imeandikwa, ukurasa wa tisa.

Walitoka vifaranga hamsini na wawili. Shangazi alitoa ushuhuda mpaka sauti ikamkauka. Kipimajoto hakikutajwa, nacho hakikununa. Mimi nikapewa godoro jipya, niote vizuri.

Jana jirani kaja, bomba lake linavuja mwezi wa pili sasa.

"Mwanangu, hebu niotee."

Nikaenda kuliangalia. Mpira wa ndani umelika, basi. Nikamwambia asubiri hadi kesho asubuhi, maana nikimwambia leo hataamini.