Bati Moja la Stoo

Asubuhi ile kaka alikuja na gari kumchukua Mama akaishi kwake. Magoti ya Mama yamegoma kupanda ngazi, chumba chake kiko juu, na chini hapakuwa na pa kumlaza ila kochi. Mama hakutaka kwenda. Tangu jana alikuwa akipanga nguo begini na kuzipangua.

"Alale stoo, nyuma ya jiko," nilimwambia kaka wiki nzima.

"Stoo? Mle hata panya huingia na tochi!"

Kweli palikuwa giza. Nyumba yetu imebanwa na maghorofa ya majirani, mchana kutwa taa zinawaka. Nasi ni ukoo wa "itafaa tu": kiti kikivunjika mguu, stoo, beseni likitoboka, stoo. Lakini mimi nikikasirika sishikiki. Nikatoa takataka zote, nikapaka kuta chokaa iliyobaki kwa jirani, na mlango mmoja kuukuu seremala akaufanya kitanda. Nilichonunua ni bati moja tu, la plastiki, lile linalopitisha mwanga.

Kaka anapakia mabegi, fundi yuko juu ya paa.

"Dada, sogea hapo chini!" Akang'oa bati lenye kutu.

Mwanga ukashuka wote kwa pamoja. Ukajaa kuta zile nyeupe hadi pembeni, vumbi likielea ndani yake kama unga unaochekechwa. Miaka nenda miaka rudi tuliingia mle tukitazama chini tusije tukajikwaa, hakuna aliyeinua macho. Jua liko palepale juu ya bati, na sisi tunanunua balbu!

Kaka akaja amemshika Mama mkono, waniage. Akakwama mlangoni.

"Haki ya Mungu," akanong'ona.

Mama akajikongoja hadi katikati ya chumba. Macho yake yana ukungu siku nyingi. Sisi wanawe hututambua kwa sauti. Akamvuta kaka, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga na kumtazama, akamtazama tena.

"Mwanangu," akasema, "kumbe umeshaota mvi."

Kaka alitoka akaenda garini, akarudi na mabegi yote mawili, akaniuliza kitanda kikae upande gani.