Mgongo Uliombeba Akai

Watu wa Isiolo walidhani Akiru na mumewe Lokorio walikwenda Uholanzi kula raha. Mwaka mzima! Na raha zilikuwepo. Akiru hajawahi kukana hilo, hata siku ambazo hasira ilimjaa mpaka macho yakamwasha.

Lokorio alikuwa katekista na mwalimu wa kwaya, mtu wa sauti nzuri na maneno mengi. Mwaka wa 1981, parokia moja ya huko Uholanzi iliyokuwa na urafiki na misheni iliomba ipelekewe mume na mke, wazunguke kanisa kwa kanisa wakiimba na kueleza maisha ya wafugaji na ukame wa kaskazini. Padre akawachagua wao. Hawakuwa na mtoto wa kuacha nyuma. Binti yao wa pekee, Akai, alikuwa amekufa kwa surua miaka miwili kabla.

Siku Akai alipozidiwa, Lokorio alikuwa Nairobi kwenye mashindano ya kwaya. Akiru alikuwa kijijini Ngaremara kwa mama yake. Alimfunga mtoto mgongoni akashika njia ya kwenda hospitalini mjini, kwa miguu, kwa sababu hakuna gari lililopita. Mtoto alikata roho njiani. Lokorio aliporudi alikuta kaburi. Aliambiwa hivyo tu, naye hakuuliza zaidi.

Basi wakapanda ndege, wamebeba sanduku moja la wote wawili, na sanduku hilo ndilo lililoanzisha ugomvi wa kwanza. Lokorio alikuwa kila akitafuta soksi anapindua kila kitu, halafu anaondoka akipiga mluzi, Akiru anabaki kukunja upya. Kila baada ya siku chache walihamia nyumba nyingine, kitanda kingine, choo chenye mlango unaofunguka kinyume. Kuta zilikuwa nyembamba, kwa hiyo hata kugombana waligombana kwa kunong'ona, jambo linalochosha kuliko kupiga kelele. Chakula kilikuwa viazi, viazi, na viazi. Lokorio alisifu kila sahani, akaongezewa. Akiru alipoulizwa swali alijibu kwa Kiswahili kirefu, na Lokorio akageuza yote kuwa maneno matatu ya Kiingereza. Mwenyeji naye akayageuza kuwa Kiholanzi, na watu wakacheka mahali ambapo Akiru hakuwa amefanya mzaha.

"Umewaambia nini?" Akiru alikuwa akiuliza.

"Yale uliyosema."

"Mimi nilisema mengi."

"Nimefupisha, mama. Hawa watu wana haraka."

Lakini pia waliishi huko kama ambavyo hawakuwahi kuishi Isiolo. Nyumbani mtu na mkewe hawatembei wameshikana mikono. Mashemeji wataona, Wakristo wataona, hata mbuzi watageuka kutazama. Kule hakuna aliyejali. Walijifunza baiskeli pamoja. Lokorio aliingia mtaroni na suti yake ya Jumapili, na Akiru akacheka mpaka akakaa chini katikati ya njia. Walikula chipsi kwenye karatasi wakiwa wamesimama kwenye mvua. Waliona maji ya mfereji yamekuwa magumu kama saruji, watoto wanateleza juu yake, na Lokorio akajaribu kwa mguu mmoja, huku amemshika mkewe kiunoni kama mtu anayezama. Hakukuwa na ndugu wa kuja kukopa, wala wanakwaya wa kugonga mlango. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto azikwe, walikuwa wakizungumza.

Miezi ya baridi walikaa kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Hanneke. Mama huyo hakujua Kiswahili na Akiru hakujua Kiholanzi, lakini walimenya viazi pamoja kila siku, na kidogo kidogo Akiru akaokota maneno ya jikoni: kisu, maji, moto, mtoto, mgongo unauma, panya amekufa. Hakumwambia Lokorio. Alitaka kuwa na kitu chake mwenyewe.

Alasiri moja ya Januari theluji ilianguka wasiweze kutoka. Walilala kwenye chumba chao cha darini, chini ya mablanketi, miguu ya Akiru ikiwa katikati ya miguu ya mumewe ipate joto. Na pale, bila kupanga, alimsimulia.

Alimwambia kwamba alijua mtoto amekufa walipofika kwenye laga, ule mto wa mchanga ulioko kabla ya mji. Kichwa cha Akai kilikuwa kimemlalia begani, kikawa kizito kwa namna nyingine. Alijua. Lakini hakumshusha. Alikaza shuka akaendelea kutembea, tena akimwimbia, kwa sababu aliona akisimama tu, basi jambo lile litakuwa kweli. Alimwimbia mpaka mlango wa hospitali, mpaka muuguzi akamfungua lile fundo kifuani. Hayo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake mzazi.

Lokorio alilia. Alimshika miguu yake kwa mikono miwili akalia kama mtoto. Akiru akajiona mwepesi, akasema moyoni kwamba safari hii ya taabu na viazi, kumbe Mungu alikuwa na maana yake.

Jumapili iliyofuata walikuwa kwenye kanisa kubwa la matofali. Akiru alikaa mbele na shanga zake shingoni, kama kawaida. Lokorio alisimama akazungumza Kiingereza, na padre wa pale akatafsiri. Akiru hakusikiliza sana. Hotuba ile aliijua: mifugo, ukame, maji. Mara akasikia kutoka kinywani mwa padre neno la jikoni: mtoto. Halafu: mgongo. Halafu: amekufa. Akainua kichwa. Lokorio alikuwa amekunja mikono nyuma, ameinama kidogo, anaonyesha namna ya kumbeba mtoto. Akapiga hatua mbili mbele ya altare. Akaanza kuimba, polepole, wimbo ule ule.

Wanawake watatu safu ya mbele, Hanneke mmoja wao, wakatoa leso.

Akiru hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa baridi na moto kwa wakati mmoja. Alingoja wafike nje, kwenye baiskeli.

"Nani alimbeba Akai?"

Lokorio alitazama huku na huku. "Tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Tuna nyumba hapa? Nakuuliza, nani alimbeba?"

"Akiru, wewe na mimi si kitu kimoja? Nikisema nilimbeba, ni sisi tulimbeba. Ningewaambia nini, kwamba baba alikuwa anashindana kuimba? Hawa watu wangeniona aje?"

"Wangekuona vile ulivyo."

Alipanda baiskeli akaondoka. Alikanyaga bila kujua aendako, akipita mashamba yaliyofanana na ng'ombe waliofanana, akitukana kwa Kiturkana kwa sauti kubwa, na upepo ukimpiga usoni. Mtu akigombana na mumewe Isiolo anakwenda kwa dada yake, anapikiwa chai, anamsema mume huyo mpaka roho inatulia. Kule hakuwa na dada. Alikuwa amemkasirikia mtu wa pekee aliyeweza kuzungumza naye, na tikiti ya ndege na pasipoti zilikuwa kwenye koti la mtu huyo. Alipopotea kabisa, ilibidi asimame kando ya barabara, ameganda vidole, akingoja. Na aliyetokea kumtafuta ni Lokorio, anahema, amevaa kofia ya Hanneke. Hilo lilimuudhi zaidi kuliko yote: kwamba alifurahi kumwona.

Lokorio hakuacha. Kanisa baada ya kanisa, mpaka mwisho wa safari, alimbeba Akai. Mara alimbeba juani, mara kwenye vumbi, mara na simba akaongezwa. Akiru alikaa mbele na shanga zake akitazama mikono yake mwenyewe. Usiku aligeukia ukuta. Na michango ikaja, na kutokana na michango hiyo Ngaremara ikapata pampu ya maji. Hapo ndipo palipomfunga mdomo. Mama yake mzazi alikuwa akichota kwenye pampu ile. Angeanzia wapi kupiga kelele?

Walirudi Isiolo mwaka wa 1982, wakapokewa kwa nyimbo. Akiru alinyamaza. Alipika, alifagia, alijibu alipoulizwa. Watu walisema Ulaya imemfanya awe na maringo.

Halafu, mwaka uliofuata, Hanneke alikuja kuwatembelea.

Alishuka na viatu vizito na kofia ya majani, mwekundu usoni kama nyanya, akamkumbatia Akiru mpaka mbavu zikalia. Alikaa siku chache, akaiona pampu, akanywa maji yake. Kisha akasema, kwa Kiingereza ambacho Akiru alikuwa ameanza kukielewa kwa kukisikia kanisa baada ya kanisa, kwamba kuna jambo moja alilokuwa akiliwaza tangu ile baridi. Alitaka kuitembea njia ambayo Lokorio alipita na mtoto. Hata nusu tu. Alitaka kuomba pale.

Akiru alimtazama mumewe. Hapa, alifikiri, atasema ukweli. Hapa ni kwao, hapa kila jiwe linajua.

Lokorio alikohoa. "Sawa," akasema. "Twende asubuhi."

Asubuhi Hirbo, dereva wa misheni, aliwapeleka na Landrova mpaka nje ya Ngaremara, wakashuka, naye akawafuata polepole nyuma. Lokorio alitangulia. Alitembea taratibu, kichwa chini, kama yuko kwenye Njia ya Msalaba. Walipofika kwenye mgunga mmoja kando ya barabara alisimama, akavua kofia.

"Hapa," alimwambia Hanneke kwa Kiingereza, "ndipo nilipopumzika naye. Nilimpa maji ya mwisho hapa."

Mti ule Akiru hakuwahi kupumzika chini yake. Siku ile hakupita hata karibu, alipita njia ya mbuzi, upande wa pili, kule chini. Na maji Akai hakunywa, alikuwa ameyakataa tangu alfajiri. Lokorio aliweka kiganja chake kwenye shina la mti, machozi yakimtoka, na Akiru akaona kwamba machozi yale ni ya kweli. Mumewe hakuwa akidanganya tena. Alikuwa akikumbuka. Alikuwa amejipa kumbukumbu ya mkewe, ameivaa, imemkaa vizuri kuliko mwenyewe.

"Toa mkono hapo," alisema.

"Akiru..."

"Toa mkono kwa huo mti! Wewe ulikuwa Nairobi ukipigiwa makofi!"

Hirbo alizima injini. Akiru akamgeukia Hanneke, na kile Kiholanzi cha jikoni alichokificha kwa zaidi ya mwaka kikamtoka, kimevunjika, bila adabu wala mpangilio. Yeye hapana. Yeye hayuko. Mimi mgongo. Mtoto amekufa, mimi najua, mimi natembea. Mimi. Alijipiga kifua kila aliposema neno hilo. Maneno yalipomwishia alirudia yale yale, kwa sauti zaidi, mpaka sauti ikapasuka.

Hanneke alimtazama Lokorio, na Lokorio akaitazama kofia iliyokuwa mkononi mwake. Kisha yule mama akauliza, kwa maneno ya jikoni, "Wapi?"

Akiru akamshika mkono akamshusha kwenye njia ya mbuzi. Lokorio alitaka kufuata.

"Wewe baki," Akiru alimwambia. "Siku ile ulibaki."

Walitembea wawili mpaka kwenye laga. Ilikuwa mbali, na mama wa watu alikuwa mzee, lakini hakulalamika hata viatu vilipomchubua. Walipofika kwenye mchanga Akiru alimwonyesha mahali, akakaa chini. Hakuimba. Hanneke alikaa karibu naye, akavua viatu. Hapo hawakuomba wala hawakulia sana. Jua lilikuwa kali, na Akiru alikuwa bado na hasira, safari hii hata kwa Hanneke, kwa kuwa alilia mapema mno kule kanisani kwa ajili ya mtu asiyestahili. Alitaka kumwambia hilo pia, lakini hakuwa na maneno yake.

Hanneke alipoondoka, Akiru alihamia Burat kwa dada yake Jecinta. Alikunywa chai, akamsema mume huyo wiki baada ya wiki, na roho haikutulia. Lokorio alikuja kila Jumapili baada ya ibada, anasimama nje ya ua.

"Akijitetea kwa pampu, mwambie maji hayahalalishi uongo," Jecinta alishauri. "Usimwonee huruma."

"Simwonei."

Mara ya kwanza Lokorio alisema alifanya vile kwa ajili ya maji. Akiru akaingia ndani. Mara ya pili alisema aliogopa aibu. Akaingia ndani. Jumapili moja alikuja mapema, jasho limelowesha kola.

"Nimewaambia leo," alisema. "Kanisani. Nimesema kule Uholanzi nilidanganya, siku ile sikuwepo, wewe ndiye uliyembeba."

"Na ile ya laga?"

"Hiyo sikuisema. Hiyo ni yako."

Akiru alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Kule nje ya ua mtu huyu alionekana mdogo, amekonda, vifungo vya shati vimepishana kwa sababu hakuna wa kumwambia. Hakumhurumia. Lakini alikuwa amechoka kulala kwenye nyumba za watu, mwaka mzima Ulaya na sasa miezi hapa, na alikuwa na nyumba yake, yenye jiko lake na dirisha alilolipaka rangi mwenyewe.

"Nitarudi nyumbani," alisema. "Sirudi kwako. Nyumbani. Na Uholanzi wakituita tena, nitazungumza mwenyewe, ukitaka utabeba sanduku."

"Sawa."

"Sijamaliza kukasirika, Lokorio."

"Najua."

"Hujui. Ingekuwa unajua usingesema najua." Akaingia kufunga mizigo yake, akiigonga gonga kila alipoishika, ili amsikie.