Safu Tisa za Kijani

Mstari wa buluu ulifika katikati ya kioo cha kompyuta, ukasimama kupumua. Juu yake maneno yaleyale: Inahifadhi nakala, tafadhali subiri. Mdogo wangu akaondoa mkono kwenye kipanya, akakunja uso kama mtu aliyeombwa na kuku ampishe njia. Mimi nikachukua sindano yangu ya kufumia na uzi wa kijani, nikaanza safu mpya.

Ndivyo tulivyofanya kazi miezi miwili mizima. Mdogo wangu tunamwita Mwalimu, hata mimi niliyembeba mgongoni. Alipostaafu ualimu mkuu alifungua chumba cha kuhariri filamu za harusi na mahafali, akanunua kompyuta kwa mtu ambaye, nikikumbuka jinsi alivyotabasamu, alifurahi sana kuagana nayo. Filamu za watu wengine iliziweza. Filamu ya mama yetu ilikuwa nzito mno, kwa kuwa mama alisema mengi na sisi hatukutaka kutupa hata kikohozi. Kila robo saa mashine ilisimamisha kila kitu ijitengenezee nakala ya akiba, isije ikapatwa na baya, na mstari ule ulipokuwa ukitambaa hukuruhusiwa kugusa chochote.

Mwalimu alikuwa akilaani kwa adabu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikaupa ule muda kazi: nakala moja, safu moja ya kitambaa cha meza. Mstari ukifika mwisho nami nafunga fundo. Kila siku nilibadilisha rangi ya uzi, ili nijue mashine imetuibia kiasi gani. Mwalimu alinicheka, akasema badala ya kujifunza kompyuta naishonea nguo. Nikamjibu kwamba kwa baridi ya chumba kile, hata hiyo kompyuta ingeshukuru.

Sasa niseme mama alisema nini.

Mimi na Mwalimu tulifanya mtihani wa darasa la saba mwaka mmoja, ingawa nimemzidi miaka minne. Nilichelewa kuanza shule kwa sababu yeye alichelewa kutembea na mgongo uliokuwepo ulikuwa wangu. Matokeo yakaja. Jina lake lilikuwepo, langu halikuwepo. Mjomba wetu, mbele ya sinia la chakula na watu kumi na wanne, akanipa jina la Sifuri. Likaniganda. Mume nilimpata akaondoka, jina likabaki. Watoto wa ukoo wananiita Bibi Sifuri bila ubaya wowote, wakidhani ndivyo nilivyozaliwa.

Miezi mitatu kabla mama hajatuaga, tulimweka kitandani kwa mito miwili, Mwalimu akasimama nyuma ya kamera, mimi nikakaa kwenye kigoda nikimuuliza. Nilikuwa nimemuuliza kuhusu bibi yetu. Mama akaliacha swali la bibi hewani, akanitazama.

"Hukufeli, mwanangu," alisema. "Aliyefaulu ni wewe. Nilikuwa mgonjwa, na wewe ndiye uliyekuwa mikono yangu. Nilimwendea mkuu wa shule, majina yakabadilishwa."

Niliinuka nikatoka nje. Nilifungua bomba, nikaweka uso chini ya maji mpaka nikasikia jirani akiuliza kama nafua kichwa. Niliporudi, kamera ilikuwa imezimwa na Mwalimu analia kwa kwikwi.

"Naapa sikujua, dada," aliniambia.

Nikambembeleza. Mimi! Nikampa ncha ya khanga yangu apengee kamasi. Aliyeibiwa nguo akimpangusa machozi aliyeivaa. Akaahidi kwamba maneno yale atayaweka katikati kabisa ya filamu, na siku ya kumkumbuka mama, mwaka ukitimia, ukoo mzima utayasikia, mjomba akiwa mstari wa mbele. Kwangu mimi ile haikuwa tena filamu ya mama. Ilikuwa matokeo yangu ya mtihani, yamechelewa miaka hamsini na mitatu.

Jumatano ya uzi wa kijani aliyaweka. Niliyaona kwa macho yangu. Siku nne zilizofuata niliuguza magoti nyumbani. Jumatatu niliporudi, nikamkuta amekaa wima, ameandaa ile sauti ya kumwambia mzazi kwamba mtoto wake atarudia darasa. Umeme ulikatika Jumatano jioni, alisema, mashine ikiwa katikati ya kuhifadhi. Kile kipande kimepotea. Na kadi ya kamera alishaifuta akarekodia harusi.

Nikasema basi, ndiyo kudura. Nikaenda nyumbani na kitambaa changu, nikakitandaza kitandani.

Kijani kilikuwa na safu tisa. Ya tisa ilikuwa na fundo.

Mimi sifungi fundo mpaka mstari ufike mwisho. Umeme ulikatika kweli, nakumbuka, lakini mashine ilikuwa imeshazimwa nasi tumesimama mlangoni, viatu miguuni, yeye akitafuta ufunguo kwenye pochi. Nikapitisha kidole juu ya lile fundo mara nyingi, kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye mchele na anaomba asikipate.

Njia ya mwongo ni fupi, ila mimi magoti yananiuma, nikaenda polepole. Sikumuuliza. Alhamisi alikwenda kurekodi mahafali, akaniacha nipokee wateja. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza.

Nilijua nakala zinakokaa. Nilikuwa nimemtazama akizifungua mara nyingi mashine ilipokwama. Kila moja ina tarehe na saa yake. Kusoma tarehe nilifundishwa, na inasemekana nilifaulu. Nikaihesabu Jumatano: nakala tisa. Nikafungua ya tisa. Mashine ikachukua muda wake wote, nami siku hiyo sikuwa na sindano, mikono ikakaa mapajani bila kazi.

Mama alikuwepo. Nikafungua nakala ya kesho yake, Alhamisi ya juma lililopita: mama wa kabla na mama wa baada wamevutwa wakashikanishwa, kama ngozi iliyoshonwa, na katikati hakuna kitu. Picha zenyewe zilikuwa bado ndani ya mashine. Mwalimu hatupi daftari la mtoto hata akimchukia. Analiweka juu ya kabati.

Ningeishia hapo, ningekuwa na mdogo mwongo tu, na wa aina hiyo ni wengi, na wanazikwa vizuri. Lakini nilirudi kwenye nakala ya tisa nikaiacha icheze. Nikajiona ninainuka. Nikajiona ninatoka. Kikabaki kigoda kitupu na mlango unaochezacheza. Nilikuwa sijawahi kuona zaidi ya pale; Mwalimu kila mara alisimamisha.

Mama akageuza macho kwa aliyesimama nyuma ya kamera.

"Na wewe mbona unashangaa?" alisema. "Si nilikuambia siku ileile ya matokeo, ukaniomba nisimwambie?"

Halafu sauti ya mdogo wangu, kavu, haina chozi hata moja: "Mama, kamera bado inawaka."

Giza.

Sikulia. Nilikitazama kile kigoda. Mwalimu ndiye aliyenisomea barua zangu zote, za mume na za kuachwa, kwa kuwa Sifuri hakuyaamini macho yake. Ndiye aliyenijazia fomu hospitalini, na pale palipoulizwa elimu, aliandika darasa la saba kwa mwandiko wake mzuri wa sekondari, akapiga mstari chini kwa rula, mimi nimekaa pembeni namshukuru.

Nikashika kipanya. Nilikuwa nimemwona akikata mara elfu. Nikakata mahali ninapoinuka, nikachukua kipande chenye maneno ya mama, nikakipeleka katikati ya filamu yenyewe. Kipande cha baada yake nikakiacha kwenye nakala ya tisa, na nakala ya tisa nikaiweka kwenye flashi ya mteja mmoja aliyeisahau. Kisha mashine, kama kawaida yake, ikasimama: Inahifadhi nakala, tafadhali subiri.

Mstari ulikuwa nusu nilipomsikia Mwalimu nje, akimsalimu jirani. Ulikuwa robo tatu ufunguo ulipozunguka.

Alinikuta kwenye kiti chake. Kwenye kioo, uso wa mama umeganda, mdomo wazi kwenye lile neno lake, hukufeli.

"Unafanya nini, dada?"

"Nasubiri," nikasema. "Inahifadhi."

Angeweza kuchomoa waya. Ulikuwa karibu na mguu wake kuliko wangu, na aliutazama. Lakini tangu siku ya kwanza yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mstari ukitembea hakuna kugusa, na mazoea ni kitu kikubwa. Tukautazama wote wawili, bega kwa bega, mpaka ukafika mwisho.

"Na ile ya mwisho?" aliuliza, chinichini.

"Nimeikata."

"Umeifuta?"

"Mimi mwanafunzi wako, Mwalimu. Sifuti."

Siku ya kumkumbuka mama tulitundika shuka jeupe ukutani, ukoo ukajaa. Mama akasema maneno yake. Mjomba alikohoa muda mrefu, na tangu siku hiyo haniiti jina lolote. Akinitaka anapiga meza. Shangazi walinikumbatia mimi, kisha wakamkumbatia Mwalimu, wakimpa pole, maskini, naye hakujua. Akazipokea pole zote. Alikuwa akinitazama juu ya mabega yao, mmoja baada ya mwingine.

Flashi iko kwenye kopo la vifungo. Kitambaa kiko mezani kwangu, na Mwalimu huja kila Jumapili, hukaa upande usio na kijani. Tunaongea vizuri tu, mambo ya magoti, mambo ya watoto wa watu. Ila nikichukua sindano ananyamaza, hata kama yuko katikati ya neno, na hasemi tena mpaka nifunge fundo.