Mlima wa Stesheni Masta

Stesheni Masta hakuwahi kuajiriwa na reli hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na aliifanya mpaka macho yalipogoma. Jina hilo alipewa na wenzake wa chama cha treni za mezani, watu wazima wenye akili zao timamu, ambao kila Jumamosi walikutana kuendesha treni ambazo vichwa vyake havizidi urefu wa kidole. Usiwacheke. Binti yake aliwacheka miaka nenda miaka rudi, na habari hii ni ya binti huyo.

Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, ametoka kazini kwenye tanuri la mikate, unga umemkauka mpaka viwikoni. Baba yake alikuwa ameshazikwa, wageni wameshaondoka, na mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine. Chumba kilitakiwa kiwe kitupu kabla wiki haijaisha. Chama kilikuwa kimepewa ghala la zamani la shule, nacho kilitaka reli yote ya mzee ihamie huko, ili Jumamosi wamkumbuke kwa namna aliyoipenda, treni ikizunguka. Mji ulikuwa umeshafunguliwa na kutolewa. Mto pia, na daraja lake. Ukabaki mlima, na mlima haukupita mlangoni.

Haukupita kwa kusimamishwa, haukupita kwa kulazwa. Ulikuwa mpana kuliko kitanda cha watu wawili, umefika kifuani, na reli iliupanda kwa kuuzunguka kabla ya kuingia kwenye handaki karibu na kilele. Mzee aliujenga humo humo chumbani, mwaka baada ya mwaka, wala hakujiuliza siku moja utatokaje.

"Leteni msumeno," alisema mwokaji.

Wazee wawili waliokuja kusaidia walimtazama kama ametukana. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye alistaafu kufundisha lakini si kusema. Wa pili alikuwa fundi saa, rafiki wa baba yake tangu ujana, ambaye mwokaji alimwita Baba Mdogo.

"Binti yangu," alisema Mwalimu, "huo mlima haukatwi na msumeno mimi nikiwa hai."

"Basi Mwalimu utabaki nao humu. Mpangaji mpya akija mtajuana."

Fundi saa alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaweka kiganja juu ya mlima, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Baba yako hakutengeneza kitu kisichofunguka," alisema. "Alinifokea mara ngapi kwa saa ninazozibandika gundi? Alikuwa akisema, kesho itaharibika, utaingilia wapi? Huu mlima una mahali pa kufungulia. Tupatafute."

Wakapatafuta. Ndipo mwokaji, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, alipoutazama mlima wa baba yake kwa karibu. Nyasi zilikuwa nywele za miswaki, zimekatwa na kupakwa rangi, unyasi mmoja mmoja. Kibanda cha mlinzi wa reli kilikuwa na paa la ile plastiki ya pinki inayotengenezewa ufizi. Mlinzi mwenyewe, ambaye hakufika ukucha wa kidole gumba, alikuwa na kipara, na kwenye kipara palikuwa na kipande cha plasta ya jeraha, eti alijigonga. Nani angekiona? Mtu angeweza kuja chumbani humo Jumamosi zote za maisha yake asikione. Mwokaji aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa nyasi, akasahau kwamba alikuja na hasira.

Juu hawakupata ufa wala alama. Ikabaki chini, chini ya meza, ambako mtu alihitaji kutambaa.

"Magoti yangu yalistaafu kabla yangu," alitangaza Mwalimu.

Kwa hiyo mwokaji akawasha tochi ya simu, akapiga magoti, akaingia.

Hasira yake, tuiseme sasa, haikuwa ya bure. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo mno kushika sura ya mtu. Ilibaki picha moja, mama amekaza uso na kufunga mdomo kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Watu waliomjua walipenda kusema, "Mama yako alikuwa na mwanya, we acha tu," kisha wananyamaza na kutabasamu peke yao. Yeye mwanya hakuurithi. Utotoni alimfuata baba na swali lile lile: mama alikuwaje akicheka? Baba alifuta mikono kwenye aproni yake ya kazi na kusema, "Njoo tuendeshe treni. Ukifika mlimani, polepole." Kila alipouliza, jibu ni treni. Mwishowe akaacha kuuliza, akakichukia chumba cha nyuma na kila kilichomo, na ile swichi ya kuzungusha ya kuendeshea treni hakuwahi kuigusa. Aliona baba amempa mlima nafasi ambayo ingekuwa ya mama.

Sasa alikuwa chini ya mlima huo. Akainua tochi.

Ndani palikuwa na uwazi, kama chungu kilichopinduliwa, na kuta zake zote zilikuwa vinywa. Taya za plasta, ile jasi nyeupe ya kunakili vinywa vya wateja, za juu na za chini, zimepangwa safu juu ya safu na kushikanishwa kama matofali, kutoka ukingo wa meza mpaka kileleni. Taya zenye meno yote, taya zenye meno mawili, taya zisizo na kitu ila ufizi uliochoka. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha wateja, akafungua mdomo mbele ya baba yake kwa aibu na kumwonyesha mapengo yake, alikuwa humo. Mafundi wengine wakishamaliza kazi wanazitupa hizo taya. Yeye alikuwa ameusimamisha mlima wake juu ya watu hao.

 Mwokaji alikaa pale chini akiwa amebaki kinywa wazi, naye sasa mmoja wao.

"Umekwama?" aliuliza Mwalimu kutoka juu.

"Njooni," alisema. "Njooni muone."

Sauti yake iliwatisha, wakaja, magoti na yote. Wazee wawili walilala chali sakafuni kama mafundi wa magari. Kisha fundi saa akanyoosha kidole.

"Ile ya kwangu. Ile yenye jino lililolala upande. Alinidanganya aliivunja."

"Na yule ni mwenye duka la magodoro," alinong'ona Mwalimu. "Hakuna mwingine mwenye taya pana namna ile. Mungu wangu. Mtaa mzima umo humu."

"Usiseme mtaa. Sema mji."

Mwokaji alikuwa ameshaacha kuwasikiliza. Tochi yake ilikuwa imefika katikati, mahali ukuta wa kushoto ulipokutana na wa kulia. Pale palikuwa na taya mbili zinazoumana, ya juu kwenye ukuta mmoja na ya chini kwenye wa pili, za kinywa kimoja. Meno yake yalikuwa mazima yote, madogo, yamepangika vizuri, na kati ya mawili ya mbele palikuwa na mwanya. Waya mwembamba ulipita kwenye mwanya huo, ukazungushwa kwenye msumari wa ukuta wa pili. Hapo ndipo mlima ulipokuwa umefungwa.

Fundi saa naye aliona kile mwokaji anachokitazama. Akavuta pumzi.

"Siku zile baba yako anajifunza kazi," alisema, "alihitaji kinywa chenye meno mazima cha kufanyia mazoezi. Mama yako alikuwa akipokea wagonjwa pale zahanati. Akakubali. Basi akamjaza mdomoni lile dongo la kuchukulia umbo la meno, hawezi kusema wala kumeza, halafu ndipo jamaa anaanza, nataka kukuoa. Kama hutaki, sema."

"Ikawaje?"

"Alicheka, mwanangu. Alicheka, dongo likaharibika, ikabidi warudie. Hiyo taya unayoiona ni ya mara ya pili. Nilijua aliihifadhi. Sikujua wapi."

Mwokaji aliuchomoa waya yeye mwenyewe, kwa kibano cha fundi saa, na taya ya juu ikateleza kutoka kwenye kijisanduku chake cha mbao, ikaangukia kiganjani mwake. Ilikuwa nyepesi kuliko andazi. Juu yao mlima ulilia kidogo, kisha nusu mbili zikaachana, na ufa uliokuwa umejificha chini ya nyasi za miswaki ukafunguka kutoka bonde mpaka kilele. Mwalimu alivua kofia.

"Hii naomba nibaki nayo," alisema mwokaji, akiwa ameifumbata.

Nani angemkatalia? Walisema ni haki yake, tena wakasema mara mbili. Mlima ukapita mlangoni nusu nusu, bila kumwaga hata unyasi.

Alikwenda nayo kazini, ndani ya mfuko wa aproni. Alfajiri, mikate ya kwanza ilipokuwa ndani ya tanuri, alikata donge la unga uliokandwa, akalikandamizia taya ile, akainua. Likabaki umbo la meno ya mtu aliyeuma mkate sasa hivi, na katikati ya umbo hilo ukuta mwembamba wa unga ulisimama pale penye mwanya.  Mama yake alikuwa ameuma mkate wake. Lakini unga ni unga, una hamira, haukai. Donge liliendelea kuumuka mbele ya macho yake, yale meno yakapanuka kama yanacheka, yakajaa, yakafumba. Alirudia. Yakafumba tena. Alirudia kila alfajiri ya wiki hiyo, na kila mara aliumia upya, kwa sababu meno ya juu peke yake ni nusu ya kicheko, na alilijua hilo bila kuambiwa.

Jumamosi aliwasili ghalani na kikapu cha mikate. Reli yote ilikuwa imeunganishwa, mji na mto na daraja, mlima umesimama mahali pake, watu wamejaa mpaka nje. Lakini hakuna aliyekuwa akiendesha treni. Mwalimu na fundi saa walikuwa wameinama juu ya mlima na vipande vya kadibodi, jasho linawatoka.

"Shikamooni. Kuna nini?"

"Marahaba, marahaba. Hakuna kitu," alijibu Mwalimu haraka mno. "Unyevu tu. Mbao zinavimba. Wewe kaa, mgeni wetu."

Fundi saa hakumtazama. Mwokaji akasogea. Pale nusu mbili zilipokutana reli hazikukutana. Moja ilikuwa imepanda kidogo juu ya mwenzake, unene wa ukucha, na kwa treni ndogo kama zile ukucha ni ukuta. Kichwa cha treni kilikuwa kimelala ubavu kwenye nyasi. Walikuwa wameshindana nacho tangu asubuhi, wakichomeka kadibodi na kuchomoa, na kote huko hakuna aliyediriki kutamka kile ambacho wote wawili walikijua.

Akainama, akatazama chini ya meza. Taya ya chini ilikuwa pale, imegandishwa kwenye ukuta wake, imefungua mdomo kusubiri mwenzake.

Ndipo alipoielewa kazi ya baba yake. Meno ya juu ya mtu yanaumana na ya chini ya mtu huyo huyo, kwa namna moja tu, na hayaumani na ya mwingine yeyote duniani. Mtu aliyeishi kwa kazi hiyo alikuwa amehitaji kitu cha kuzikutanisha reli zake sawasawa, kila mara, bila kukosea, na katika vinywa vyote vya mji alichagua kimoja. Treni zote alizoendesha, Jumamosi zote, zilipita kwa sababu mkewe alikuwa ameuma sawasawa. Na kila binti yake alipomuuliza, alikuwa amemjibu.

Ilimuuma, acha nisiseme uongo. Aliitoa taya mfukoni, bado ina unga kwenye mwanya, akaipuliza. Aliishika kidogo. Kisha akaingia chini ya meza na aproni yake safi ya Jumamosi, akaisukuma kwenye kijisanduku chake mpaka ikagota.

Ilifanya sauti ndogo, tak, kama mtu anayefunga mdomo baada ya kucheka. Mlima ulijongea wenyewe. Kadibodi zikadondoka. Aliupitisha waya kwenye mwanya, akauzungusha kwenye msumari, na alipotoka fundi saa alikuwa akipitisha kidole juu ya reli, anakwenda na kurudi, anatafuta palipoungwa na hapaoni. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hakujishughulisha kuyafuta.

"Nani anaendesha?" aliuliza Mwalimu, kwa sauti ndogo isiyo yake.

Wote walimgeukia binti wa mzee. Mwokaji alifuta mikono kwenye aproni, akaishika ile swichi ya kuzungusha kwa mara ya kwanza maishani mwake. Treni iliondoka stesheni, ikapita mji wa paa za pinki, ikavuka daraja, ikaanza kupanda. Ikapita ufa bila hata kutikisika. Zamani, treni ya mzee ilipoingia handakini na kukawia humo, Mwalimu alizoea kusema imekwenda kunywa chai, na watu walicheka. Safari hii alifungua mdomo, akaufunga.

Polepole, alijiambia mwokaji. Ukifika mlimani, polepole. Kichwa kikaingia handakini, mabehewa yakakifuata moja moja, na la mwisho lilipopotea akairudisha swichi mpaka mwisho, treni ikasimama ndani, kwa mama yake.

Aliiacha humo. Hakuna aliyemharakisha.