Jumapili Ojara Alipoongea Katikati ya Muziki

Ojara alikuwa mtu wa kuudhi, na hilo nitalisema hata leo. Alivaa tai Jumapili kwenye studio isiyo na dirisha. Alipangusa sahani za santuri kwa kitambaa chake maalumu, na ole wako ukikigusa. Redioni walimuita Mwalimu, yeye akaliitikia jina hilo bila hata kuona haya.

Kipindi chake kiliitwa Kipande Nikipendacho. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alimkaribisha msikilizaji mmoja studioni aseme ni muziki gani wa okestra anaoupenda, na kwa nini, kisha tukaupiga mzima. Walikuja wauguzi, makarani, hata fundi saa mmoja kutoka Mengo. Huyu anapenda kinanda kwa sababu kinamkumbusha mvua juu ya mabati, yule anapenda fidla kwa sababu mke wake hazipendi. Mimi nilikaa upande wa pili wa kioo, kwenye mitambo. Ndimi niliyeweka sindano na kufungua maikrofoni. Naitwa Aoko, nilikuja Kampala kutoka Kisumu kutafuta kazi, na muziki wenyewe ulinichosha.

"Mwalimu, hawa watu wanaburuta kabati," nilimwambia siku ya kwanza aliponipigia kile kipande alichokipenda yeye kuliko vyote.

"Sikiliza basi kabati linapelekwa wapi," akanijibu.

Sheria yake ilikuwa moja: mtangazaji haongei muziki ukipigwa. Unasema yako kabla, unasema yako baada, katikati unafunga mdomo. Siku moja nilikohoa maikrofoni ikiwa wazi, na wiki nzima hakunisalimia.

Lakini maneno ya mwanzo hakuyaacha kamwe, na sababu yake kila mtu aliijua. Asubuhi ile jeshi lilipochukua nchi, redio ilipiga muziki wa bendi bila neno lolote, mpaka sauti ya mwanajeshi ikaja kusoma tangazo. Tangu hapo masikio ya Kampala yalijifunza. Muziki mzito ukitoka redioni peke yake, bila mtu kusema huu ni nini, basi serikali imeanguka. Kwa hiyo Ojara alitaja jina lake, akataja kipindi, akataja kipande, watu wakatulia.

Jumapili moja mgeni wetu hakutokea, na Ojara akaamua kupiga kipande chake mwenyewe. Nilikuwa nimeshaweka sindano tayari. Akasema, "Wasikilizaji wapenzi," na umeme ukakatika. Uliporudi, sahani ilianza kuzunguka yenyewe, lakini maikrofoni ilikuwa imekufa kabisa. Nikahangaika na nyaya mpaka jasho likanitoka. Muziki ulikuwa unaenda nchi nzima peke yake, fidla nzito na tarumbeta, bila jina. Nilipofanikiwa kumrudisha hewani, kipande kilikuwa kimekwisha.

Mengo maduka yalifungwa mbio mbio. Kabalagala watu walitoka kwenye baa na chupa zao mkononi wakakumbatiana barabarani na watu wasiowajua. Jirani yangu Joska, muuza chai, ambaye mume wake askari polisi alichukuliwa kutoka kitandani na hakurudi, alisimama mlangoni kwake akapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani jioni nikakuta gari la jeshi limeshamchukua. Sufuria yake ya chai ilibaki nje juu ya jiko, na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Wala mimi.

Kesho yake alikuja Meja Katembo. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitia baridi. Alivuta kiti akakaa mbele ya Ojara.

"Nani alikuambia piga hii muziki?"

"Hakuna, afande. Umeme ulikatika, halafu maikrofoni..."

"Mimi sikuuliza umeme. Wewe iko napenda hii muziki?"

"Naupenda, afande."

"Kwa nini?"

Ojara, ambaye juu ya jambo hilo angeweza kuongea mpaka chai ikapoa, alitazama mikono yake.

"Naupenda tu, afande."

"Hapana. Hakuna mtu napenda kitu bure. Bendi ya jeshi nalia, askari natembea. Ngoma nalia, watu nacheza. Hii yako nalia, watu nafanya nini?" Akangoja. "Mimi nitakuambia. Hii nafanya adui natoka nje. Ni muziki mzuri sana. Mimi pia sasa naipenda."

Akataka aonyeshwe sahani. Akaichukua, akaitia kwapani bila jalada, na Ojara akashtuka kwa uchungu kana kwamba ameona mtoto anaangushwa.

"Jumapili mtapiga tena, saa ile ile," Meja akasema. "Bila maneno. Jina lako usiseme. Mtu nafungua maikrofoni, mimi nafunga yeye. Mimi niko na magari Mengo, niko na magari Kabalagala. Kila mtu atatoka nje nacheka, mimi nachukua."

Alituaga vizuri, akaniuliza hata kama nyumbani Kenya hawajambo.

Wiki ile sikula. Nilitaka kupanda basi nirudi Kisumu, na sioni aibu kusema. Lakini tungetoroka, wangemweka mtu mwingine aweke sindano, na magari yangejaa vile vile. Kuwaonya watu haikuwezekana pia. Ungemwambia nani? Kila mtu alikuwa na binamu aliyekuwa na rafiki aliyekuwa anasikiliza kwa niaba ya serikali. Nilipita sokoni nikitazama wanawake wanachagua nyanya, nikajiuliza ni yupi kati yao atakayecheka Jumapili. Nilikuwa na hasira na Meja, na hasira na umeme, na hasira na Ojara na mapenzi yake ya makabati.

Jumapili nilimkuta kwenye ujia nje ya studio. Tai ilikuwa shingoni kama kawaida.

"Aoko, dada yangu," akasema polepole. "Utanifungulia?"

"Nikufungulie nini?"

"Maikrofoni. Nitaongea."

"Muziki ukipigwa? Wewe?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Mtu akisikia domo langu hawezi kudhani serikali imeanguka. Atajua ni Ojara tu."

"Watatuua, Mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza, sikuamuru."

Kabla sijamjibu, viatu vya jeshi vikasikika ngazini.

Alikuja askari mmoja mnene, bunduki begani, na sahani yetu mkononi ameishika kama chapati ya moto. Alitumwa akae nami kwenye mitambo ahakikishe hakuna anayesema. Mitambo yenyewe hakuijua. Nilimwona akizitazama swichi zangu kisha akatazama kando haraka, asije akaulizwa. Nikapunguza spika ya chumba mpaka ikabaki mnong'ono, nikavaa hedifoni zangu.

"Spika ni mbovu, afande," nikamwambia. Hakuwa afande hata kidogo, lakini alilipokea jina hilo.

Saa ikafika. Nikaweka sindano. Fidla nzito zikaanza, na kule ng'ambo ya kioo Ojara alinitazama bila kupepesa. Kidole changu kilikuwa kwenye swichi na kilikataa kusogea. Nilimfikiria Joska kule walikompeleka, gereza la Luzira au pabaya zaidi. Nikasukuma swichi. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango.

"Hiyo taa ni ya nini?" askari akauliza.

"Inaonyesha sahani inazunguka, afande."

Masikioni mwangu Ojara alishaanza. "Wasikilizaji wapenzi, hamjambo? Hapa ni Ojara, na hiki ni Kipande Nikipendacho, kama kila Jumapili. Hakuna kilichotokea. Kaeni mlipo, malizeni chakula chenu. Hizo mnazosikia ni fidla, na zinanung'unika hivyo kwa sababu ndivyo zilivyoandikiwa, hazina ugomvi na mtu."

Akaendelea. Sijawahi kusikia mtu akiongea vile. Aliwasimulia juu ya padri wa shule yao kule Gulu aliyekuwa akizungusha mkono wa gramafoni mpaka bega linamuuma. Aliwaambia fundi mitambo wake anasema huu ni muziki wa kuburuta kabati, na kwamba fundi mitambo wake si mjinga. Alieleza tarumbeta inashikwaje, nani anaipuliza, mate yanatoka wapi. Yakaja yale mapigo ya tarumbeta yenyewe, mahali ambapo siku zote aliinamisha kichwa na hata ungemuita asingesikia. Safari hii pia alifumba macho. Lakini mdomo haukusimama, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekanyaga shamba lake mwenyewe.

"Anaongea na nani huyo?" askari akauliza.

"Anaimba. Wapenzi wa muziki huu huimba peke yao."

"Wazimu."

"Sana, afande."

Simu ikalia. Ilikuwa ukutani karibu naye, akaipokea yeye. "Ndiyo afande," akasema, akasimama wima. "Hapana afande. Anaimba, afande." Kisha akasikiliza, na nikaona rangi ikimtoka usoni. Aliachia simu ikaning'inia, akashusha bunduki begani, na mdomo wa bunduki ukanigusa shingoni.

"Zima!"

"Nikizima sasa redio itakuwa kimya," nikasema, na sijui sauti ile niliitoa wapi. "Redio ikinyamaza ghafla, Kampala nzima itajua kuna jambo. Na Meja atauliza nani alisema tuzime."

Hakujua la kufanya. Alikuwa amepewa amri moja tu, na ilikuwa imeshavunjika. Bunduki ilibaki pale pale. Muziki ulikuwa unaelekea mwisho, fidla peke yake tena, chini kabisa, na Ojara alikuwa ameishiwa na hadithi.

"Kuna mtu aliniuliza wiki hii kwa nini nakipenda kipande hiki," akasema. "Nikamwambia nakipenda tu. Nilidanganya. Nakipenda kwa sababu kikilia simwogopi mtu. Ni robo saa tu, lakini robo saa nzima simwogopi mtu yeyote. Nilitaka na nyinyi mkipate hicho. Samahanini, leo nimewaharibia."

Sindano ikafika mwisho. Nikafunga maikrofoni, nikaweka sahani nyingine, ya dansi, bila hata kuangalia ni ipi.

Meja Katembo alifika kabla sahani hiyo haijakwisha. Alisimama kwenye mlango kati ya studio na mitambo, hakupaza sauti. Magari yake yalikuwa yamerudi matupu. Kabalagala watu walikaa kwenye baa zao wakimlalamikia mtangazaji, na Mengo hakuna hata aliyefungua dirisha.

"Nani alifungua maikrofoni?"

Nilifungua mdomo. Ojara akanitangulia.

"Mimi, afande. Swichi iko hapa kwangu." Akaweka mkono kwenye swichi ya taa ya mezani, akaibonyeza, kwa bahati taa yenyewe haikuwa na balbu. "Huyu mwanamke anajua kupangusa vumbi tu. Mara ngapi nimemwambia ajifunze mitambo, hataki. Mumuache aendelee kufagia."

Katika miaka yote hakuwahi kuitukana kazi yangu. Nilimchukia kwa akili yake ile ya haraka, nikampenda. Meja alinitazama. Nikatazama vumbi juu ya mitambo, nikalipangusa kwa kiganja. Askari mnene alitazama viatu vyake; akinitaja mimi angejitaja na yeye.

"Twende, Mwalimu," Meja akasema, kwa adabu yake.

Ojara alinyoosha tai, akatoka katikati ya Meja na askari. Nilibaki peke yangu, nikairudisha simu mahali pake ukutani. Nikaenda mpaka dirisha la kwenye ujia, linalotazama uani, na nilipofika hapo simu ikalia tena nyuma yangu. Nilidhani ni wao. Nikarudi nikaipokea, waya ukanyooka mpaka mlangoni, na kupitia dirisha lile nikauona ua.

"Ni ledio?" Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Kiganda, mtu mzima, ya hasira.

"Ndiyo, mama."

"Nyabo, huyo mtu yenu anaongea nini? Hiyo muziki mimi nilisikia Jumapili ile ingine, bambi, nikalia. Usiku nikalala vizuri, mimi mtu silalagi. Wiki yote nilingoja. Leo nimeita watoto, nimewaambia, kaa kimya, msikie kitu mzuri. Sasa yeye kwa-kwa-kwa, kwa-kwa-kwa, mpaka imekwisha! Kwani hakuna mtu ya kumwambia anyamaze?"

Chini uani walikuwa wamefungua mlango wa nyuma wa gari. Ojara aliinama ili aingie, na mmoja wao akamsukuma kichwa.

"Ameambiwa, mama," nikasema.

"Haya, webale nyabo," akanishukuru kwa Kiganda chake, sauti ikiwa imelainika. "Jumapili ingine mpige bila yeye."